Waenda Wapi

Daktari wa Kitete alisoma karatasi, akanitazama,
akaandika dawa mbili, na chini yake, kwa mwandiko uleule:
kutembea, nusu saa, kila siku.
Dawa mbili nilizipata. Ya tatu
muuza duka aliisoma akatikisa kichwa:
"Hii hatuna, mama."

Miaka ishirini na saba nilikuwa karani wa mizani
katika ghala la tumbaku. Marobota yalipita mbele yangu,
nikasoma mshale, nikaandika, nikagonga mhuri.
Mwenyewe sikuwahi kujipima.
Siku ile kliniki mshale ulipanda,
ukatetemeka, ukatulia pabaya,
na mkono wangu, kwa mazoea, ukatafuta kalamu.

Basi nikaanza. Saa kumi na mbili na robo,
bustani ya manispaa, ile yenye benchi moja zima
na bomba linalolia bila kutoa maji.
Mzunguko mmoja, hatua mia nne na kumi na mbili,
ukiuruka mzizi wa mkrismasi.
Ukijikwaa, mia nne na kumi na nne.

Taabu haikuwa miguu. Taabu ilikuwa swali.
"Mwangaluka, Mama Mihayo. Waenda wapi?"
Maana mtu hapa Tabora hatembei hivi hivi.
Anakwenda msibani, mashineni, stesheni kupokea mgeni
ambaye treni yake itafika kesho.
Nikasema, "Siendi."
"Watoka wapi, basi?"
"Sitoki."
Mwenye baiskeli mmoja alishuka, akavua kofia,
akanipa pole ya msiba.
Bodaboda akanifuata mizunguko miwili,
polepole, kama fisi anayengoja mkono udondoke:
"Panda tu, mama. Mia tano."

Siku ya nne nikabeba kikapu kitupu
ili nionekane nimetumwa.

Babu wa baba yangu, Lugusha,
alikwenda pwani kwa miguu, jino la tembo begani,
akarudi na doti mbili za kaniki
na bega ambalo halikulala sawa tena.
Yeye nani angemuuliza? Mzigo ulimjibia.
Miguu hii ninayoiburuta ni ya kwake,
imefika kwangu imevimba,
haina pa kupeleka chochote.

Bi Sikudhani, wa vitumbua pale Gongoni,
alinivumilia wiki nzima.
Ya pili akanizuia njiani, akafunua kikapu.
"Mna nini?"
"Hamna."
Akachungulia tena, kama anayechungulia kisima.
Alicheka hadi akaketi chini, kanga ikamdondoka,
akacheka na kanga.
Kesho yake alikuja na kikapu chake.
Kitupu.

Sasa tuko watano. Fundi Kitwana wa cherehani,
aliyefichua sukari yake kwetu kabla ya mkewe.
Mlinzi wa bustani, anayesema yeye yuko kazini tu.
Na binti wa benki, hana ugonjwa wowote,
anapenda, anasema, saa ambayo simu haijaamka.
Tunasema bei ya unga. Tunasema watu.
Panapo mwinuko mdogo kwenye choo cha zamani
tunanyamaza wote, tukitunza pumzi,
na hapo ndipo nasikia ndege
ambao nimeishi nao miaka sitini na mmoja
nisiowajua majina.

Kliniki nimepungua kilo mbili.
Nesi akasema si haba.
Nikamwambia nimeona marobota
yakipoteza zaidi ya hizo njiani, kwa jua tu.
Akaandika. Akagonga mhuri.

Leo usiku mvua ya kwanza imenyesha.
Vumbi limelala, mkrismasi umemwaga,
njia yote nyekundu, tukawa tunakwepa kukanyaga
kama watoto, Bi Sikudhani akiwa mbele.
"Mnaenda wapi?" akauliza mpita njia.
Hakuna aliyemsikia.

Nimefika nyumbani, nimeweka kikapu mezani.
Ndani yake maua, kumi na moja, mabichi,
sijui yameingia saa ngapi.
Nikayaweka juu ya mizani ya jikoni,
nikainama, nikavaa miwani.
Mshale haukusogea.